Lili yangu ilitoa maua mara moja tu, sasa ni majani matupu. Nafanyaje, na nazizalishaje?

BiMkubwa_Kimara (Mei)

Habari za jioni wadau wa bustani. Naombeni msaada maana nimechoka kumwagilia majani. Nina ndoo mbili za lili hapa kibarazani kwangu Kimara. Ya kwanza nilinunua mwaka jana karibu na Pasaka kwa wale jamaa wanaouza miche barabarani, ilikuwa na maua meupe marefu kama tarumbeta, ukifungua mlango asubuhi nyumba nzima inanukia. Maua yalikaa kama siku kumi yakaanguka, nikaendelea kumwagilia, shina likakauka, baadae likachomoza lingine jembamba na limekaa hivyo hivyo majani tu mpaka leo.

Ya pili nilipewa na mama mkwe kule Lushoto, yeye anayo mstari mzima toka getini mpaka jikoni, ua lake jekundu kubwa, kwake mvua zikianza tu zinashindana kufunguka. Kwangu huu mwaka wa pili haijatoa hata moja, na mama mkwe akipiga simu swali la kwanza ni ua, wajukuu baadae.

Sasa dada mmoja kazini kaniambia nizing'oe zote niweke kwenye friji miezi miwili. Nilicheka lakini nimeshaanza kutafuta nafasi kwenye friji. Ni kweli hiyo kitu? Na nikitaka kuzizalisha ziwe nyingi nafanyaje, mbegu sijawahi kuziona. Picha zinagoma kupanda, bando limeisha.

chizi_wa_maua

Friji tena? Wadada wa kazini hawa watakwambia upike na supu yake 😂

fundi_vyungu

Usicheke mkuu, huyo dada yuko sahihi ila kwa ndoo moja tu. Akitia zote mbili ile ya mama mkwe ndo itaharibika.

BiMkubwa, kabla ya kung'oa chochote jibu kwanza maswali mawili. Ile nyeupe, shina lake lina majani toka chini mpaka juu, majani membamba yamezunguka shina lote? Na ile nyekundu, majani yake yanatoka chini kwenye udongo marefu kama mkanda, halafu ua ukiliona kule Lushoto linakaa juu ya bomba tupu lisilo na jani hata moja, ukilikata ndani liko wazi?

BiMkubwa_Kimara

Ndio kabisa, kama vile umesimama barazani kwangu. Nyeupe shina lina majani kote, nyekundu ni bomba tupu. Kwani sio lili zote?

fundi_vyungu

Hapo ndo penye shida dada yangu. Huku kwetu kila ua lenye umbo la tarumbeta linaitwa lili, muuzaji anasema lili, mnunuaji anaitikia lili, halafu kila mtu anapewa ushauri wa ua la mwenzake.

Nyeupe yako ndo lili yenyewe, ile wanayoiita ya Pasaka, kwao asili ni visiwa vya kusini mwa Japani na Taiwan. Kwa taarifa yako lili za kweli Afrika hakuna hata moja iliyoota porini, zote zimeletwa. Zimezoea kupata baridi, ndo saa yao ya kuamkia. Bila baridi kitunguu chake, kile cha chini ya udongo, kinatoa shina kwa kujilazimisha tu, jembamba kama ulivyosema, ua hakuna. Dar hata Julai usiku inazunguka nyuzi 19 au 20, hiyo kwa lili sio baridi ni kiangazi kingine. Uliyonunua ilikuwa imeshawekwa baridi huko ilikotoka ndo maana mwaka wa kwanza ilikupendezesha.

Nyekundu yako ni amarilisi. Hii asili yake Amerika Kusini, haidai friji. Inachodai ni njaa, yaani ikaukiwe kwanza maji ndo mvua ikija ishtuke. Lushoto kwa mama mkwe iko ardhini, kiangazi hakuna anayeimwagilia, mvua ikigonga inatoa ua. Wewe unaipa maji Januari mpaka Desemba, inaona maisha mazuri itatoa ua la nini.

Sikiliza, maswali mengine. Hicho kitunguu cha nyekundu umekizika chote? Na majani huwa unayakata?

BiMkubwa_Kimara

Nimekizika chote nikashindilia na udongo juu 🙈 majani nakata yakianza kulala, yanachafua baraza.

fundi_vyungu

Haya tumeshapata mchawi. Kitunguu cha amarilisi kinakaa shingo na mabega nje, nusu yake hivi juu ya udongo. Na majani usikate kamwe yakiwa ya kijani, hayo ndo jiko lake, chakula cha ua la mwakani kinapikwa humo. Yanalala? Yafunge na kamba kistaarabu, yaachie yakauke yenyewe.

Kuanzia Juni acha kumwagilia kabisa, sogeza ndoo mahali mvua haifiki, angalau wiki nane mpaka kumi. Majani yatanyauka, usimwonee huruma. Septemba mwishoni geuza udongo wa juu kidogo, tia mboji, mwagilia mara moja ushibishe halafu subiri uone pua inachomoza. Na ndoo isiwe kubwa, amarilisi inapenda kubanwa, ukiipa beseni inajaza mizizi na watoto inasahau ua.

Shangazi_Mlimani

Naongezea hapo kwa fundi. Mimi niko Lushoto hii hii (labda namjua mama mkwe wako lol). Amarilisi kuzalisha hata usihangaike, yenyewe inazaa watoto pembeni ya mama, ukichimba utawaona wamejibana, wale wenye mizizi yao unawatenga kwa mkono wanatoka. Mtoto mdogo atakaa miaka miwili mitatu mpaka awe kama ngumi ya mtoto ndo atoe ua, kwa hiyo usimpigie simu kila siku.

Ukitaka nyingi kwa haraka kuna ya kukata. Unachukua kitunguu kikubwa kizima, unakata kwenda chini kama unavyokata keki vipande nane, sharti kila kipande kiwe na sehemu ya kile kitako kigumu cha chini kinakotoka mizizi. Bila kitako ni kachumbari tu hakioti kitu. Pakaza majivu penye kidonda, acha kikauke siku moja, choma kwenye mchanga wenye unyevu kidogo kitako kikiwa chini, kivulini. Baada ya kama miezi miwili unaona vitoto vinatoka katikati ya maganda. Mbegu pia zipo kama nyuki wakipita, zinakuja nyeusi nyepesi kama karatasi iliyoungua, mwage upesi usizihifadhi, ila vitakavyoota huenda visifanane na mama.

Na angalia viwavi, wale weusi wenye madoa ya njano na meupe. Wanakula usiku, unaamka jani limekuwa wavu, wakimaliza jani wanatoboa kuingia kwenye kitunguu na hapo umekwisha. Mimi natoka na tochi saa mbili usiku nawaokota kwa mkono natia kwenye maji ya sabuni, mume wangu anasema nimepata uganga.

mtu_wa_Limuru

Hamjambo jirani zangu wa Tizedi. Mimi nilifanya kazi kwa shamba la maua huku Kenya miaka mitano, upande wa lili, wacha niwaambie vile inaenda ndio mjue huyo dada wa kazini hakuwa anabahatisha.

Vitunguu vilikuwa vinakuja kutoka Uholanzi kwa makreti, vimefunikwa na udongo wa peti wenye unyevu, na vimegandishwa kabisa, chini kidogo ya sufuri. Vinawekwa kwa chumba baridi halafu tunavitoa kidogo kidogo kila wiki tunapanda, ndio maua yasikuje yote siku moja. Hiyo ya kugandisha usijaribu kwa friza ya nyumbani tafadhali, kule joto linachungwa hata nusu digrii, kwa friza yako kitatoka kama viazi vilivyooza. Wewe tumia droo ya mboga ya friji, nyuzi 4 mpaka 7, wiki sita. Kwa hii lili nyeupe tulikuwa tunahesabu masaa 1,000 ya baridi, ukipiga hesabu ni kama hizo wiki sita.

Kitu ingine. Kwa shamba tukivuna maua tunakata shina refu na majani yote, kwa hivyo kitunguu kinabaki bila nguvu, vingi vilikuwa vinatupwa. Nilikuwa nabeba kwa gunia napeleka kwa mama yangu. Mwaka wa kwanza hakuna ua, wa pili mmoja mmoja, wa tatu boma lote jeupe, lakini huku kwetu ni juu ya mita 2,000, baridi ya Julai ni ya bure. Kwa hivyo ukikata ua la kuweka kwa meza, kata fupi, wachia theluthi mbili ya shina kwa mmea.

BiMkubwa_Kimara

Asanteni sana jamani mmenifungua macho. Sasa hiyo nyeupe naizalishaje, nayo ina watoto?

mtu_wa_Limuru

Watoto iko nao kidogo, chini ya udongo kwa shina pale juu ya kitunguu, ukichimba utaona vidogo kama punje za mahindi vimeshikana na mizizi. Lakini njia tamu ni magamba. Lili ya ukweli kitunguu chake si kama cha kupika, hakina ganda la karatasi nje wala duara ndani, ni magamba manene yamepangana kama kitunguu saumu ama kama lile tunda la msonobari. Kila gamba moja linaweza kukupa kitoto, wakati mwingine viwili vitatu.

Ngoja majani yageuke njano ndio uchimbe. Vunja magamba ya nje tu, yale manono yasiyo na doa, unasukuma chini na kidole gumba yatoke na kipande kidogo cha kitako. Usimalize yote, toa kumi hivi, wachia mama moyo wake na magamba ya ndani ataendelea na maisha. Osha, kausha kivulini saa chache, kama uko na dawa ya unga ya fangasi nyunyiza, kama huna mdalasini wa chai watu hutumia pia. Halafu changanya na makumbi ya nazi yaliyosagwa, yawe na unyevu lakini ukifinya kwa mkono maji yasitoke hata tone. Hapo kwa maji ndio watu wengi huua.

fundi_vyungu

Na mifuko ya plastiki tuliyokuwa tunatumia zamani ilishapigwa marufuku toka 2019, chukua kopo la aiskrimu lenye mfuniko, toboa vitundu viwili vitatu, panga magamba humo na makumbi, weka kabatini gizani. Joto la Dar hapa sasa ndo linakusaidia, nyuzi 20 mpaka 25 ndo zinafaa, kwa hiyo fanya Juni Julai, usisubiri Desemba kabati likawa oveni. Wiki ya nane chungulia. Utaona chini ya gamba kuna kijipu cheupe chenye vimizizi, ndo hicho. Hivyo vidogo navyo vinataka baridi kabla ya kupandwa, wiki sita tena droo ya chini.

Ila kwenye friji mambo mawili. Moja, usiweke na maembe, mapapai wala ndizi zilizoiva, matunda yanatoa gesi ya kuivisha, inaua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Mimi mwaka fulani niliweka vitunguu sita jirani na tufaha za watoto, vikaota vizuri, vikarefuka, nilikuwa naita majirani waje wasubiri na mimi, vichwa vikakauka vyote vikiwa vidogo kama njegere. Sijui nani alikuwa na aibu zaidi.

La pili, andika. Andika kwa maka peni kubwa SIO CHAKULA. Shemeji yangu alishika kimoja cha amarilisi yuko na kisu na nyanya tayari kwenye ubao, na ile ina sumu, angetapika mpaka kesho yake.

chizi_wa_maua

Kachumbari ya laki moja hiyo 😂😂 nimefuta kauli yangu ya friji

nyumba_ya_mapaka

Samahani naingilia. BiMkubwa una paka? Kama unaye hiyo nyeupe iondoe nyumbani, au paka asiifikie kabisa na simaanishi kuiweka juu ya kabati. Lili za kweli zinaua figo za paka, jani akitafuna kidogo, ule unga wa ua ukimdondokea manyoyani akajilamba, hata maji ya chombo cha maua akinywa. Mimi wangu alianza kutapika jioni, kesho yake hali chakula, siku ya tatu hayupo, na daktari wa mifugo aliniambia ningemwahisha saa zile zile angalau tungejaribu dripu. Sikuwa najua, nililetewa shada kwenye kipaimara cha binti nikaweka mezani. Ile amarilisi nayo sio salama lakini hiyo ni kumuumiza tumbo, haifiki huko.

BiMkubwa_Kimara

Pole sana ndugu yangu. Sina paka ila wa jirani anapita kwenye ukuta wangu kila siku kama analipa kodi. Ntaweka ndani ya wavu wa dirisha la nyuma.

nyumba_ya_mapaka

Afadhali. Na ua likifunguka vile vijiti vya ndani vyenye unga wa rangi ya chungwa vinyofoe mapema kabla havijapasuka, ua linakaa siku nyingi zaidi na nguo zako zinapona. Ukidondokea usifute na maji, unazidi kuingia, bandika selotepu nyanyua.

dogo_Moro

Wakuu na mimi nina lili, ipo sebuleni, majani mapana ya kijani kibichi, ua lake jeupe moja kama sikio na kijiti katikati. Niweke friji?

fundi_vyungu

Usiweke!! Hiyo haina hata kitunguu, wanaiita lili ya amani lakini ni ukoo wa magimbi. Itoe kwenye chungu, utaona imejikusanya mashada mashada, tenganisha kwa mkono kila shada na mizizi yake, panda. Umemaliza.

Shangazi_Mlimani

Na mkitaka ya kwetu kabisa isiyodai friji wala hesabu kuna ile nyekundu ya duara kama mpira wenye sindano, inachomoza yenyewe porini mvua za kwanza, ua kwanza majani yanafuata. Watu wengi wanaitupa wakidhani imekufa, kiangazi inapotea kabisa chungu kinabaki udongo, kumbe imelala. Andika tu kwenye chungu "nipo". Ile nyingine inayopanda mti, ua jekundu na njano kingo zimejikunja kama miali ya moto, ni nzuri lakini kiazi chake ni sumu kali ya kuua mtu, na kinafanana na kiazi kikuu kichanga, nyumba yenye watoto au wageni wa kujipikia mimi siishauri.

BiMkubwa_Kimara (mwisho wa Juni)

Mrejesho. Nimechimba nyeupe leo, kweli bwana ni magamba kama kitunguu saumu! Nimetoa kumi na moja, yako kwenye kopo la aiskrimu kabatini chini ya mashuka. Mama yao nimemfunga kwenye makumbi yenye unyevu kidogo yuko droo ya mboga, matunda yote nimehamishia kapuni. Nimeandika SIO CHAKULA na kuchora fuvu. Nyekundu nimefukua shingo, nimeacha maji, imeanza kunyauka na roho inaniuma.

Nikija kuirudisha hiyo nyeupe kwenye ndoo na yenyewe shingo nje?

mtu_wa_Limuru

Apana! Hiyo ni kinyume. Lili ya ukweli inatoa mizizi pia kwa shina, juu ya kitunguu, na hiyo ndio inalisha ua. Ifukie sentimita 10 mpaka 15 kutoka juu, chungu kiwe kirefu, udongo na mchanga na samadi iliyooza kabisa. Chini matundu, na usiweke kisahani cha kushika maji, kitako kikioza huna kitu.

fundi_vyungu

Na kwa Dar hiyo ndoo nyeusi achana nayo, jua la saa sita linapika mizizi. Chungu cha udongo, jua la asubuhi tu, juu tandaza majani makavu.

BiMkubwa_Kimara (Oktoba)

Wadau nimerudi. Kopo nilifungua mwisho wa Agosti mikono inatetemeka kama nafungua matokeo ya form foo. Magamba kumi na moja: saba yana vitoto, mawili kati ya hayo yana viwili viwili, matatu yameoza (pembeni kule nilikomwaga maji zaidi, nakiri), moja limekaa tu linaniangalia. Nina vitoto tisa jumla. Mama yao nilimpanda katikati ya Agosti, sasa hivi amefika magotini, shina nene sio kama lile la mwanzo, kichwa bado.

NYEKUNDU IMETOA PUA. Wiki mbili baada ya kuirudishia maji. Nimempigia mama mkwe kabla ya kumpigia mume wangu.

Swali la mwisho. Vile vitoto tisa viko friji toka nilipofungua kopo, wiki sita zimetimia, ila wiki iliyopita umeme ulikatika siku nzima na usiku wake, friji ikawa vuguvugu. Nianze kuhesabu upya?

fundi_vyungu

Hapana, siku moja haifuti wiki sita, ongeza wiki moja kwa usalama halafu panda, sentimita mbili tu chini, vyote kwenye chungu kimoja kipana. Mwaka wa kwanza utaona jani moja moja, usidhani ni nyasi ukang'oa.

BiMkubwa_Kimara

Nishamwambia na dada wa kazi asifagie hicho chungu. Asante mkuu.

chizi_wa_maua

Vikifika miaka mitatu nitengee kimoja, friji nimeshanunua.